Kulia kwa Nani

"Mh."

Sauti hiyo tu. Haikuwa neno, haikuwa kikohozi, wala haikuwa cheko. Ilitoka kwenye redio ya mkononi ikapita sikioni kama mbu mwenye safari zake, na Mama Rudia, aliyekuwa ameketi chini ya mnara mbele ya mashine zake, hakuitilia maanani. Ni baadaye, mambo yalipokwisha kuharibika, ndipo ilipoanza kumrudia. Ilimrudia akipiga mswaki. Ilimrudia akisubiri maji yachemke. Shemeji yake alikuwa juu, yeye chini, amemwambia la kufanya, na kabla ya kulifanya shemeji akaguna. Mtu asiye na kitu moyoni, aliwaza Mama Rudia, husema "sawa".

Jina hilo la Mama Rudia hakulipata kwa mtoto, maana hakujaliwa kuzaa. Alipewa na wenzake kazini kwa sababu neno lililokaa karibu zaidi na ulimi wake lilikuwa "rudia". Ukimletea kipimo, rudia. Ukimwambia umefunga mlango, rudi ukaangalie. Mlinzi wa getini alikuwa akisema kwamba hata ukimsalimia, mama huyu anaigeuzageuza salamu kwanza kama anayekagua noti, ndipo aitikie. Mumewe wa zamani aliondoka bila ugomvi, akisema tu kwamba amechoka kurudia. Mwenyewe hakuwakasirikia wote hao. Alijua kwamba pale kituoni, shaka yake ndiyo iliyowaweka mjini.

Kituo kilikuwa mnara mweupe juu ya kilima kidogo, wenye vioo viwili kileleni vinavyolifuata jua siku nzima na kuitupa nuru yake chini, ndani ya bomba refu, hadi kwenye chumba cha vipimo. Chumba hicho hakikuwa na dirisha, na kilinuka vumbi lililopashwa moto na mashine. Kazi iliyofanyika humo ilikuwa kupima sumaku ya jua. Madoa meusi ya jua ni mahali ambapo nguvu ya sumaku imekaza, na kwa kuwa hakuna wa kwenda huko na dira, sumaku hiyo husomwa ndani ya nuru yenyewe. Nuru hutikisika. Yaweza kutikisika kama kamba inayopigwa juu na chini, na yaweza kuzunguka kama kamba ya watoto wanaoruka. Penye sumaku inayotoka juani kuja kwetu, nuru ya rangi fulani huzungukia upande mmoja. Penye sumaku inayoingia, huzungukia upande wa pili. Anayejua upande, anaijua sumaku.

Tabu ni vioo. Kioo kilicholala mshazari hakiirudishi nuru kama ilivyokuja. Huupinda mtikisiko wake kidogo, huongeza chake, na kwa kuwa vioo vile hugeuka pamoja na jua, uongo wa asubuhi si uongo wa jioni. Ndiyo maana kila siku, kabla ya kupima lolote, Mama Rudia alivitega. Mbele ya kioo cha kwanza, kati yake na jua, palikuwa na mkono wa chuma ulioshika boksi, na ndani ya boksi mlikuwa na kichujio na kigae chembamba cha fuwele. Boksi likishushwa, nuru inayopita humo hutoka imevalishwa mzunguko unaojulikana. Yeye huisubiri chini, akaona imefikaje. Tofauti kati ya ilivyotumwa na ilivyofika ndiyo uongo wa vioo, na uongo ukishajulikana hutolewa kwa hesabu.

"Ni kama mtoto wa jirani anayependa kuongeza chumvi," alizoea kuwaambia wageni. "Unamtuma kwanza na ujumbe unaoujua mwenyewe, usikie anauharibu vipi. Akija siku ya pili na ujumbe wa kweli, unajua pa kukata."

Wageni walicheka. Hawakujua kwamba aliishi hivyo hata nje ya geti.

Ndugu aliyebaki naye duniani alikuwa mmoja, mdogo wake wa kike, ambaye alimlea tangu mama yao alipofariki, akamsuka nywele, akamlipia shule, na kumwoza kwa fundi mmoja mnene, mpole, ambaye vijana wa karakana walimwita Kontena. Kazi ya kituoni Kontena aliipata kwa neno la Mama Rudia. Alichukua nafasi ya fundi wa zamani aliyestaafu, mtu mwembamba hata wakamwita Sindano. Nyumbani Kontena alimwita Shemeji, naye alimwita Shemeji, na kazini vilevile, ingawa Mama Rudia alimkanya mara kwa mara kwamba kazini hakuna shemeji.

"Sawa, Shemeji," angejibu Kontena.

Siku ya ile "Mh", kigae cha fuwele kilikuwa kimekwama. Kontena alipanda akalifungua boksi, akasafisha beringi, akatia grisi, na ilipofika wakati wa kukirudisha kigae mahali pake akauliza kwa redio akiweke wapi. Kigae kile kilikuwa na vituo viwili, kimoja kila upande, na ukikizungusha kikafika kwenye kimojawapo kinagota hapo hapo. Kimoja ndicho makazi yake. Cha pili ni cha kupita tu.

"Kizungushe kulia mpaka kigote," Mama Rudia alisema. "Hapo ndipo kwao."

"Mh."

"Umesikia?"

"Nimesikia."

Kikagota. Boksi likafungwa.

Kesho yake doa kubwa la jua, ambalo siku zote zilizotangulia lilionyesha sumaku inayotoka, likaonyesha sumaku inayoingia. Umbo lake halikuwa limebadilika hata kidogo, na madoa madogo pembeni yake nayo yalikuwa yamegeuka yote, kama darasa lililoambiwa geuka nyuma. Mama Rudia aliganda kwenye kiti. Doa lenye afya haligeuzi sumaku yake usiku mmoja huku sura ikibaki ileile. Alipima tena. Alivishuku vioo, akavipandishia mtu wa kuvipangusa. Alizishuku nyaya, akazichomoa na kuzichomeka moja moja. Matokeo yakawa yaleyale, masafi, bila mkwaruzo.

Usafi huo ndio uliomtia wasiwasi. Vumbi likiharibu kipimo hukiharibu ovyo, leo hivi kesho vile. Kioo kikichakaa, uongo wake huonekana zaidi jua likiwa chini. Hili lilikuwa jambo lenye nidhamu, asubuhi na jioni sawasawa, kila kitoka kimekuwa kiingia na kila kiingia kimekuwa kitoka.

"Hapa pana mkono wa mtu," alijiambia, na machale yakaanza kumcheza.

Mtu ukishaanza kumtazama kwa jicho la pembeni, hata anavyofunga viatu utaona ana lake jambo. Mama Rudia aliona kwamba Kontena ametia kufuli jipya kwenye kabati la vifaa. Aliona kwamba akiingia karakana, Kontena hukata simu. Mlinzi alimwambia, bila kuulizwa sana, kwamba shemeji yake alisimama getini mchana na mgeni mmoja wa kituo kingine, mtu wa gari safi, wakaongea mpaka kivuli kikawahama. Kwa nini mtu aongee getini kama kuna viti ndani? Na kwa nini kituo kingine, wakati huu ambapo wakubwa walikuwa wananong'ona kwamba mnara wao umezeeka na pengine ufungwe?

Siku ya mapumziko alikwenda kwa mdogo wake. Aliketi sebuleni, macho yakazunguka kama tochi, yakatua nyuma ya mlango wa chumba. Palikuwa na maboksi ya karatasi yamefunikwa shuka.

"Yale ya nini?"

"Ya vitu," mdogo wake alisema.

"Vitu gani?"

"Dada, vitu. Kila nyumba ina vitu."

"Mbona vimefunikwa?"

"Vina baridi." Mdogo wake akacheka peke yake, kisha akaacha. "Kunywa chai, dada. Haijatiwa sumu."

Mama Rudia akanywa, lakini aliinusa kwanza, na mdogo wake akamwona akiinusa.

Siku chache baadaye Mkuu wa kituo alimwita ofisini. Mkuu alikuwa mtu wa kupangusa miwani kwa ncha ya tai, na alivyozidi kukasirika ndivyo alivyozidi kupangusa. Vituo vingine vinavyolitazama jua hilohilo vilikuwa vimeuliza kwa nini sumaku za mnara huu zimepinduka.

"Jumatatu wanakuja kwenye mkutano," Mkuu alisema. "Nataka niwaambie tatizo ni nini na nimemfanya nini aliyelileta."

"Niache nirudie kidogo."

"Umerudia wiki nzima mama. Nani aligusa mitambo kabla ya mambo haya kuanza?"

Mama Rudia alitazama miwani ikizunguka ndani ya tai. Ile "Mh" ilikuwa pale masikioni, na maboksi, na gari safi.

"Fundi ndiye aliyefungua boksi," alisema.

"Fundi yupi, Kontena? Si shemeji yako huyo?"

"Kazini hakuna shemeji."

"Vizuri." Mkuu akavaa miwani. "Kuanzia Jumatatu hatapanda mnara. Aje achukue vifaa vyake."

Alitoka ofisini akiwa mwepesi kwa hatua kadhaa, kama mtu aliyetua mzigo, halafu akahisi kwamba mzigo umemfuata.

Mdogo wake alipiga simu jioni. Hakusalimu.

"Dada, ulimwambia nini bosi?"

"Aliniuliza nani alifungua boksi. Nikamjibu."

"Ukamwambia mume wangu kaharibu."

"Sikusema kaharibu. Nilisema kafungua."

"Unajua kusema nusu, dada. Tangu zamani unajua. Ungemuuliza mwenyewe. Nyumba yake unaijua, namba yake unayo."

"Na nyinyi mngeniambia mnafunga mizigo kwenda wapi."

"Kumbe ulikuja kukagua mizigo. Mimi nikadhani umekuja kunitazama." Sauti ya mdogo wake ilishuka, ikawa kama ya mtu anayefunga dirisha taratibu. "Basi usichoke bure. Usije tena."

Usingizi ulikuwa mgumu. Lakini asidhani mtu kwamba Mama Rudia alilainika. Jumamosi alikwenda kituoni kwa shabaha moja, kumkuta Kontena akiwa juu anakusanya vifaa vyake, amtazame usoni na kuupata ukweli akiwa ameushika mkononi. Kama ni mkosaji, mdogo wake atajua kwamba dada yake hakumsingizia. Kama si mkosaji, hakutaka kufika huko.

Hakuwa amepanda ngazi zile kwa miaka mingi. Magoti yalimteta njia nzima. Alipotoa kichwa juu, upepo ulimpiga, jua likamjaa machoni, na katikati ya jua hilo akaona mgongo mpana wa Kontena, shati limelowa jasho.

"Umekuja kuhesabu bisibisi?" Kontena aliuliza bila kugeuka.

"Nimekuja unionyeshe ulivyofanya siku ile."

"Nikuonyeshe ili ukayaseme?"

"Nionyeshe, Shemeji."

Kontena alisita, kisha akalifungua boksi. Alisimama upande wa nje, jua mgongoni, uso kwenye kioo. Mama Rudia hakutaka kutazama kutoka nyuma ya mgongo ule usioonyesha kitu. Alijipenyeza upande wa pili, kwenye upenyo mwembamba kati ya kioo na boksi, mahali ambapo Sindano alizoea kusimama kila alipofanya kazi. Sasa kigae kilikuwa katikati yao, na kupitia hicho aliuona uso wa shemeji yake, jua limemzunguka kichwa.

"Kizungushe kulia," alisema.

Mkono wa Kontena ukaenda, kigae kikazunguka.

"Nimesema kulia."

"Ndiyo huku."

"Hiyo ni kushoto."

"Shemeji," Kontena alisema kwa upole wa kumchosha mtu, "mkono huu ndio ninaolia chakula. Kama ni wa kushoto, basi nimekula vibaya tangu utotoni."

Mama Rudia alifungua mdomo kumwambia arudie, na mdomo ukabaki wazi. Alitazama mkono wa shemeji yake. Akatazama wake. Mkono wake wa kulia ulikuwa mbele ya mkono wa kushoto wa Kontena, kama mtu na kioo chake. Ukiitazama saa ya ukutani kwa mbele, mishale yake inakwenda kulia. Ingekuwa ya kioo kitupu, ukaitazama kwa nyuma, mishale ileile ingekwenda kushoto, na saa isingekuwa na kosa.

Yeye kule chini, maisha yake yote ya kazi, aliipokea nuru kwa uso. Kulia kwake kulikuwa kwa mtu anayeitazama ikija. Sindano naye, kwa wembamba wake, alijipenyeza hapa akalitazama jua, kwa hiyo kulia kwake kukawa hukohuko, na miaka ikapita bila mtu kujua kwamba neno lile lina pande mbili. Kontena hakuenea kwenye upenyo. Alisimama nje, akaipa nuru mgongo, akatazama inakokwenda. Aliambiwa kulia, akafanya kulia. Kigae kikagota kwenye kituo kisicho chake. Nuru ya kuvitegea vioo ikavalishwa mzunguko wa kinyume, na hesabu ya kutoa uongo, ikiamini nuru imetumwa na mzunguko uleule wa siku zote, ikalipindua jua zima.

"Siku ile uliguna," Mama Rudia alisema.

"Niliguna?"

"Nilikuambia kulia, ukasema 'Mh'."

Kontena alifikiri. Alifikiri kwa dhati, akifuta mikono kwa kitambaa. "Nadhani nilitaka kukuuliza, kulia kwako au kwangu. Halafu nikaona utanitolea maneno kwenye redio, na vijana wa karakana wanasikia. Nikasema potelea mbali."

"Ungeuliza."

"Wewe huulizwi, Shemeji. Wewe ndiye unayeuliza."

Maneno hayo yalimkaa vibaya, na bado, mtu na tabia yake, upande mmoja wa moyo ulikuwa unamkagua. Pengine amelitunga sasa hivi. Pengine alijua akakaa kimya ili mnara ufungwe. "Na maboksi?" akauliza.

"Tunahama," Kontena alisema. "Kile kituo kingine kimenipa kazi. Mwisho wa mwezi."

"Kwa hiyo ni kweli."

"Kuhama ni kweli. Kuharibu si kweli. Hayo ni mambo mawili, ingawa wewe umeyafunga kamba moja."

"Mngeniambia lini?"

"Mdogo wako alikuwa anatafuta namna ya kukuambia bila kukaguliwa."

Mama Rudia alimwomba akizungushe kigae mpaka kigote upande wa pili, naye akashuka chini, magoti yakilalamika, akapima. Doa likaonyesha sumaku inayotoka. Akapima tena. Kisha, kwa kuwa hakujua kuishi vinginevyo, akapima mara nyingine.

Mama Rudia alimkuta Mkuu nyumbani kwake, kwenye kibaraza, akiwa amevaa kaptura. Hakuwa na tai, kwa hiyo miwani aliipangusa kwa fulana. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Uliniambia fundi," alisema.

"Nilikuambia aliyefungua boksi. Hukuniuliza nani alitoa amri, nami sikukuambia. Amri ilikuwa yangu."

"Lakini mkono ulikuwa wake."

"Mkono ulifanya nilichosema."

"Mama, yule mtu anahama. Nimesikia. Mwache aende na hilo kosa, halitamwumiza. Wewe unabaki hapa."

Njia ilikuwa imefunguliwa mbele yake, pana na safi, na Mama Rudia alijua kwamba wakati mwingine wowote angejiuliza kwa nini imefunguliwa kirahisi hivyo. Alijiuliza hata sasa. Mkuu alitaka nini? Labda amani tu. Labda jina la mtu asiyekuwepo kuulizwa.

"Kule anakokwenda wataliona hilo kosa kabla hajafungua mizigo," alisema. "Mrudishe juu Jumatatu. Mkutanoni nitasimama mimi."

"Niwaambie nini hao watu, kwamba kituo changu hakijui kulia na kushoto?"

"Wataniuliza mimi. Nitawajibu mimi."

Jumatatu, mkutanoni, alisimama. Hakukuwa na kishindo. Aliwaeleza wageni kuhusu upenyo kati ya kioo na boksi, kuhusu mtu mwembamba na mtu mnene, na wengine walicheka na kumtazama Kontena, aliyekuwa amekaa nyuma, na Mama Rudia alisubiri wamalize kucheka ndipo akasema kwamba neno lisilotosha lilikuwa lake. Mzee mmoja wa kituo kingine aliandika kitu, na Mama Rudia akatilia shaka ni kitu gani. Ilikubaliwa kwamba vipimo vyote tangu siku ile vigeuzwe alama, chanya iwe hasi na hasi iwe chanya, na kompyuta ikafanya hivyo kabla chai haijapoa. Tangu hapo amri zote za mnara zilisema "upande wa kioo" au "upande wa jua". Mkuu hakumsemesha wiki ile.

Wala mdogo wake hakupiga simu. Kontena alipanda mnara, akashuka, akasema "Sawa, Shemeji", lakini ya kwao nyumbani hakuyataja, na Mama Rudia hakuuliza.

Alikwenda mwenyewe, mchana, baada ya kazi. Mtaa ulikuwa na nguo kwenye kamba na watoto waliokuwa wakigombania baiskeli moja. Alipokaribia aliisikia nyumba ile ikifanya kazi, utepe wa gundi ukivutwa kwa mlio wake mkali, kiti kikiburutwa, mdogo wake akisema jambo na mtu akijibu. Halafu kimya. Pazia halikutikisika, au lilitikisika, hakuwa na hakika. Wameniona, aliwaza. Wananong'ona. Wanaambiana wakae kimya mpaka niondoke.

Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Katika miaka yote ya ndoa ya mdogo wake hakuwahi kusimama mbele ya mlango huo. Siku zote aliusukuma akiwa bado anaongea kutoka barabarani, akafika jikoni kabla ya sauti yake, akafunua sufuria. Mkono wake ulikwisha kwenda kwenye kitasa kwa mazoea. Akaurudisha, akaushika kwa mkono wa pili, kama unaoweza kutoroka.

Ndani mtu alipumua karibu na mlango.

"Hodi," Mama Rudia alisema, kwa sauti ndogo mno, kama anayeuomba mlango usimwambie mtu.